Gauni la Tatu

Jumatatu, 18 Machi 1996

Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo nimenyimwa kazi kwa sababu ya gauni.

Kazi yenyewe iko mtaa wa Olympic, kwenye nasari ya Mwalimu Waceke: kuwapikia watoto uji, kuwalaza mchana, kuwafuta makamasi. Jirani yangu Mercyline ndiye aliyenipeleka. Mwalimu Waceke alinisikiliza vizuri. Aliuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia Form Two. Aliuliza kama nina subira. Kisha akatazama gauni langu jeusi kutoka shingoni mpaka chini, akasema nafasi itakuwepo hadi shule zifunguliwe mwezi wa tano, lakini kuna jambo moja.

"Hilo gauni lisije hapa, mama. Mzazi akikutana na mjane mlangoni asubuhi, atarudi na mtoto wake."

Hakusema kwa ubaya. Nimetembea na mvua mpaka nyumbani Lindi, hapa hapa Kibera.

Magauni yenyewe ni mawili, yamefanana kama mapacha. Mama mkwe aliyashonesha Januari tulipompeleka mume wangu Mukhwana kuzikwa kwao Kimilili. Alikuwa fundi wa mawe, akaangukiwa na ukuta kwenye mjengo, ukuta ambao hata hakuujenga yeye. Kwa kina Mukhwana mjane havui jeusi mwenyewe. Huvuliwa na wazee, na wazee wamesema Agosti. Nguo zangu za zamani ziligawiwa huko huko. Nikifua moja, navaa la pili.

Baada ya mazishi mama mkwe, ambaye namwita Mama tu, alikuja Nairobi pamoja na mimi. Tunalala chumba kimoja, yeye, mimi na mwanangu Trizah. Anasema amekuja kunisaidia na mtoto. Mimi naona amekuja kulilinda gauni.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nimevaa gauni bichi. Trizah, ambaye ana miaka sita na hafichi kitu, ameniambia nanuka kama tambara la jikoni.

Jumamosi, 23 Machi

Nimenunua gauni.

Ningeweza kwenda soko la mitumba la Toi, ni hapa tu, lakini Toi kila mtu ananijua na habari zingefika nyumbani kabla yangu. Nilimwambia Mama naenda kutafuta kibarua cha kufua, nikapanda mpaka Olympic, nikavuka Ngong Road, nikashika njia ya Kawangware. Shemeji yangu Wangila anaishi huko huko Kawangware, lakini Jumamosi huwa yuko kazini Industrial Area. Hata hivyo nilitembea nikitazama nyuma kama mwizi.

Mahali penyewe panaitwa Kwa Muigai. Ni banda refu la mabati, zamani lilikuwa stoo ya mbao. Muigai hulikodisha vipande vipande, kila muuza mitumba na meza yake na kamba zake za kutundika. Ukiingia, mkono wa kushoto ni nguo za watoto, mbele kidogo ni mashati, katikati magauni, na mwisho kabisa makoti na viatu. Mvua ikipiga yale mabati lazima mtu akuongeleshe sikioni. Wana sheria yao: mteja akishasimama kwenye meza ya mtu, mwingine hamwiti, hata kama anaona hapati anachotaka.

Mimi nilisimama kwa mwenye magauni. Ni Mkamba wa Kitui, anaitwa Nzembi, mama mnene mwenye sindano imechomekwa kwenye kola yake. Akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia mume. Akanipa pole, akasema magauni meusi yako chini ya meza.

Nikamwambia sitaki jeusi, nataka rangi.

Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Alisema tu, "Rangi gani?"

Tangu Januari nimeambiwa nikae wapi, nile saa ngapi, nisimsalimie nani kwa mkono. Hakuna aliyekuwa ameniuliza nataka nini. Nilisimama pale kama mjinga mpaka Nzembi akaanza kuyashusha yote, moja moja, akinitazama uso. Lilipofika la kijani, lenye kola nyeupe na vifungo vyeupe mbele, akasema, "Ni hili. Usiniambie si hili, nimekuona."

Nililijaribia nyuma ya shuka. Kioo cha banda zima ni kimoja na kiko kwa Shivachi wa viatu, kwa hivyo nilitembea na gauni la kijani mbele ya watu wote mpaka huko mwisho. Nilikuwa nimesahau nina mikono. Gauni jeusi linafika kwenye vidole. Hili lilikuwa na mikono mifupi, na ile mikono niliyoiona kwenye kioo ilikuwa ya mtu mwenye miaka thelathini, si ya bibi kizee.

Kifungo kimoja kilikuwa kimetoka. Nzembi hakuwa na cheupe, akashona cha kahawia pale pale, tukapatana bei. Nimelificha chini ya godoro.

Ijumaa, 29 Machi

Shemeji Wangila alikuja nikiwa nje kuteka maji. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Nikainua godoro. Gauni hakuna.

Nikamuuliza Mama. Hakujificha. Alisema alilipata akitandika, akamwonyesha Wangila, na Wangila amelichukua kwenda kulichoma. Yeye ni kaka mkubwa wa Mukhwana na ni mzee wa kanisa, na amesema mjane kuvaa nguo za wazungu waliokufa ni kuita kifo cha pili ndani ya nyumba.

"Na hili jeusi," nikamuuliza, "hili si la mfu?"

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Mwanamke huyu hana moyo.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Tulienda kusali Kawangware, kanisa la kina Wangila. Nilikaa nyuma na jeusi langu. Wimbo wa pili ukiendelea, akaingia Everlyne, mke wa Wangila, amechelewa kwa sababu ya matope. Amevaa gauni la kijani. Kola nyeupe. Vifungo vyeupe na kimoja cha kahawia.

Sikusikia mahubiri.

Baada ya ibada alinijia mbio, mwenye furaha, akanishika mikono. Aliniuliza ninamwonaje. Alisema Baba Kevin, yaani Wangila, amemnunulia nguo ya Pasaka, na tangu waoane hajawahi kumnunulia hata leso. Alijizungusha kidogo ili nione mgongoni. Nyuma yake Wangila alikuwa anasalimiana na wazee, na akaniona ninavyotazama, akageuza uso.

Nilimwambia Everlyne amependeza. Ni kweli, alikuwa amependeza.

Jumanne, 9 Aprili

Sijasema kitu. Nimepika, nimefua, nimenyamaza. Lakini sijatulia.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimerudi Kwa Muigai. Maji yameingia ndani, wameinua meza juu ya matofali na wateja wanakanyaga mbao. Nzembi alinikumbuka, akataka kujua lile la kijani limefanya nini huko kwetu. Nikamweleza yote, mpaka lile la kanisani. Nilidhani atacheka.

"Kosa lako ni kulificha," akaniambia. "Kitu umeficha, mtu anaona unajua ni kibaya. Hili la leo livae ukitoka hapa."

Ni la bluu lenye maua meupe. Nimelivaa pale pale nyuma ya shuka, jeusi nikalikunja nikalitia kwenye mfuko wa plastiki. Nimeingia Lindi nalo mchana kweupe. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walinyamaza wote kwa pamoja. Mercyline peke yake ndiye aliyesema, "Sasa, Mama Trizah," kama siku zote, na nikamshukuru kwa hiyo salamu kuliko angenipa chakula.

Mama aliponiona aligeuka akatazama ukuta. Trizah alianza kuhesabu maua kwa kidole, akaanzia tumboni.

Jumatano, 17 Aprili

Nimevaa la bluu. Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimevaa la bluu. Mama haongei na mimi ila kupitia kwa Trizah. "Mwambie mama yako chumvi imeisha."

Jumapili, 21 Aprili

Nataka kuandika kabla hasira haijapoa.

Wangila alikuja saa nane na wazee wawili wa ukoo wao wanaoishi hapa Nairobi. Leo jua lilitoka kidogo, nikawa nimelifua la bluu na kulianika, kwa hivyo walinikuta na jeusi. Wangila akafurahi. Aliwaambia wazee kwamba mnaona, amejirudi, maombi yamefanya kazi.

Nikamwambia sijajirudi, nimefua. Lingine liko kwenye kamba.

Alitoka. Tulimsikia akilivuta. Aliingia nalo likitiririka maji, akachukua kisu changu cha sukuma wiki, akalipasua kutoka kola mpaka chini. Halafu tena kwa upana. Maji yalimwagikia viatu vya wazee, wakavuta miguu. Trizah alikuwa amekaa kitandani na bibi yake. Hakulia. Alikuwa anatazama maua yale.

Kisha Wangila akakaa, akafuta mikono, akasema maneno aliyokuja nayo. Alisema ndugu yake hajaoza na mimi natafuta bwana. Nikataka kujibu, mzee mmoja akaniinulia mkono. Wangila akaendelea kwamba kama nimeikataa nguo ya ukoo, basi nimeukataa ukoo, na mtoto ni wa ukoo. Jumapili tarehe tano mwezi wa tano atakuja na tikiti za basi. Akinikuta na jeusi, yamekwisha. Akinikuta na rangi, Trizah anaenda Kimilili na bibi yake, na mimi nibaki na mitumba yangu.

Nilimuuliza kitu kimoja. "Shemeji, lile la kijani ulilichoma?"

"Nililichoma," akasema.

Wazee walikuwa wananitazama. Ingekuwa rahisi sana. Maneno matatu tu na heshima yake yote ingelala hapo chini na vile vitambaa. Lakini nilimwona Everlyne akijizungusha pale nje ya kanisa. Nikamwachia uongo wake, kwa ajili ya Everlyne, si kwa ajili yake.

Nikasema hivi, na sikupandisha sauti: "Hilo umelipasua. Nitanunua lingine. Ukilipasua hilo, nitanunua lingine. Kwa Muigai nguo haziishi, shemeji. Kisu ndicho kitaisha makali."

Mzee mmoja alikohoa. Wangila akasimama, akasema tarehe tano, wakaondoka.

Sasa hivi naandika, Mama ameviokota vile vitambaa vya bluu kutoka chini na anavikamua maji, kimoja kimoja, juu ya beseni. Simwelewi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua kubwa. Nimemwambia Mercyline ninaogopa. Ameniambia na yeye angeogopa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimeenda na Trizah, nimembeba mgongoni pale kwenye matope mengi. Nilivaa jeusi kwa kuwa sina lingine. Nilimweleza Nzembi habari ya tarehe tano, kisha moja kwa moja: nataka jekundu.

Alitafuta kwenye meza yake yote, hakuna. Kulikuwa na la rangi ya udongo, kulikuwa na la waridi. Akasema la waridi ni zuri pia. Nikamwambia hapana. Lile la kijani lilikuwa zuri, la bluu lilikuwa zuri. Sasa sitaki zuri, nataka jekundu.

Akanitazama, kisha akaita kwa sauti juu ya ile mvua, "Nani ako na gauni nyekundu? Ni ya huyu mama, bwana yake alikufa na wanataka kumnyang'anya mtoto."

Sijawahi kuona sheria ya banda lile ikivunjwa. Leo waliivunja wote. Wa mashati aliacha mashati yake akaja kuinamia magunia. Wa nguo za watoto alimkalisha Trizah juu ya meza akampa kofia ajaribu. Shivachi aliacha viatu bila mtu. Aliyelipata ni Murunga wa makoti, mzee mpole asiyeongea, chini kabisa ya lundo lake, limejisokota ndani ya koti la mvua. Alilikung'uta, akaliinua juu. Jekundu kabisa, kitambaa kizito, mikono mirefu, mshipi wa kitambaa hicho hicho kiunoni.

Nilipofika kwenye kioo hakuna aliyesema nimependeza. Shivachi alisema, "Sasa huyo shemeji wacha aje."

Wakati wa kunikunjia jeusi, Nzembi aliniambia kuna mama alikuja juzi kununua sweta ya mtoto, amevaa gauni la kijani. Alikitambua kifungo chake. Nikajua kabla hajamaliza.

"Nilimwambia lilikuwa la nani," akasema. "Mtu avae kitu akijua."

Niliumia. Nilinyamaza siku zote hizo ili nisimvunjie Everlyne furaha yake, na Nzembi ameivunja kwa sababu ya kifungo kimoja. Lakini nikiwa njiani nilifikiria kwamba huenda Nzembi ana haki. Nilimfanya Everlyne kama mtoto.

Jumamosi, 4 Mei

Mama amezikunja nguo za Trizah akazifunga kwenye shuka. Nimeuona mzigo pembeni ya kitanda. Sijaugusa na sijauliza.

Jumapili, 5 Mei

Niliamka nikavaa jekundu. Nilisuka nywele za Trizah, tukanywa chai. Mama alikaa karibu na mlango na ule mzigo miguuni, amevaa viatu vya safari.

Wa kwanza kubisha hakuwa Wangila. Alikuwa Everlyne, peke yake, ametembea kutoka Kawangware na mvua. Alikuwa na gauni la kijani limekunjwa ndani ya gazeti. Macho yamevimba. Alilinyoosha kwangu akasema, "Mama Trizah, chukua kitu yako. Sikujua."

Nikamwambia najua hakujua. Nikamwambia alichukue, kwa sababu lilimkaa kuliko lilivyonikaa mimi, na hilo si uongo. Alikataa. Nikamwambia basi ninampa mimi, leo, kwa mkono wangu, na akilivaa asiseme amenunuliwa na mtu mwingine. Akakaa chini akalia kidogo. Mama alisikia yote hayo.

Wangila alipofika alikuta wanawake watatu na mtoto. Alitazama jekundu langu, kisha akamwona mkewe na lile gazeti, akasahau alichokuwa anataka kusema. Akamwuliza Everlyne anafanya nini hapa. Everlyne akamjibu kwamba amekuja kuona gauni lililochomwa.

Wangila alimgeukia mama yake, akasema basi linaondoka saa tano, amchukue mtoto.

Mama alisimama. Nikasimama na mimi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba wataniburuta pamoja naye mpaka stendi, na Kibera yote itaona. Lakini Mama aliufungua ule mzigo. Nguo za Trizah hazikuwemo. Mlikuwa na nguo za Mama mwenyewe, na juu yake yale magauni yangu mawili meusi. Nguo za Trizah alikuwa amezirudisha kwenye sanduku asubuhi nikiwa kwenye foleni ya choo.

"Wangila," alisema, "baba yako alipokufa nilivaa jeusi miaka mitatu. Ndugu zake waliniambia nikivaa vizuri, ng'ombe watabaki. Nilivaa vizuri. Ng'ombe wakaenda." Alifunga mzigo tena. "Nguo ya huyu siipendi. Inaniumiza macho. Lakini mtoto hatoki kwa mama yake kwa sababu ya kitambaa. Nipeleke kwa basi."

Wangila alisema wazee watakasirika. Mama akasema wakasirike, yeye amezaa na amezika, hana wa kumwogopa.

Aliniaga mlangoni. Hakunikumbatia. Alinishika kola, akainyoosha, akasema kwa Kibukusu, lugha yao, kwamba nisimwache mtoto na kikohozi.

Nilikuwa nimeandika kwamba mwanamke huyu hana moyo. Sitalifuta neno hilo, ila naandika hapa kwamba nilikosea.

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu Waceke alinitazama nikiingia geti. "Nilisema usije na jeusi," akasema. "Sikusema uje na bendera."

Nikamwambia ndilo gauni nililo nalo na ndilo nitakalovaa, na kama watoto wataogopa tutajua kabla ya uji. Watoto hawakuogopa. Wawili waligombania mshipi.

Alhamisi, 16 Mei

Kazi. Mvua. Mtoto mmoja ametapika juu ya jekundu. Limefuliwa, limekauka jikoni.

Jumapili, 9 Juni

Everlyne alipita na salamu kutoka Kimilili. Wangila ametuma habari kwamba Agosti, siku ya kumaliza matanga, nisikanyage huko. Mama naye ametuma habari: Agosti kuna baridi, ninunue koti la Trizah na langu. Nitaenda. Kaburi ni la mume wangu, na sikulipata kwa ruhusa ya mtu.

Jumatano, 19 Juni

Mvua imekatika karibu wiki sasa. Leo Mwalimu Waceke alileta fundi kuziba ukuta wa nyuma ulioliwa na maji. Tulikuwa ndani, watoto wanaimba, mimi nakoroga uji. Nikasikia mwiko wa fundi ukigonga jiwe, unagonga mara mbili, unakwaruza, unagonga tena. Mukhwana alikuwa anagonga hivyo.

Nililia. Nilisimama juu ya sufuria na gauni langu jekundu nikalia kama ambavyo sikulia Januari, walipokuwa wananipanga na kunivisha na kunionyesha pa kukaa. Sikujali nani ananiona. Msichana mmoja mdogo alikuja akanivuta nguo, akaniuliza ninalilia nini.

"Namlilia mume wangu," nikamwambia.

Akafikiria. Akaniuliza kama nitamaliza kabla ya uji kuwa baridi. Nikamwambia sijui, lakini uji nitaupakua hata hivyo. Nikaanza na kikombe chake.